Kusubiri Siku ya Mnada

Bibi yangu ana sanduku la bati alilopewa alipoolewa. Ndani yake kuna kitenge ambacho hajawahi kukivaa, kadi za kliniki za watoto wake zilizokatika pembe, na risiti moja ya hospitali ya mwaka 1995. Wino wa risiti umefifia kiasi kwamba sina hakika kama tarakimu ya kwanza ni 5 au 8, ila sifuri mbili zinazofuata zinasomeka vizuri. Ni malipo ya kulazwa kwa mtoto wa kiume, miaka tisa. Huyo angekuwa mjomba wangu mdogo kuliko wote.

Niliiona risiti hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa nimeanza shahada ya uzamili ya historia. Nilikwenda Nzega likizo nikiwa sina mada ya tasnifu. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia mapendekezo mawili. Bibi alifungua sanduku akitafuta kitu kingine kabisa, cheti cha shamba kama sikosei, na mimi nikaokota kile kikaratasi kilichodondoka. Nilimwuliza ni cha nini. Akasema, "Hicho ni cha mjomba wako," kisha akaendelea kutafuta cheti chake. Kisa chenyewe alinisimulia siku mbili baadaye, tukiwa tunamenya viazi vya kukausha michembe, mikono yake ikiwa na kazi na macho yake hayana haja ya kunitazama.

Nitakieleza. Lakini kwanza inabidi nieleze kwa nini mwaka 1995 kulikuwa na risiti, maana miaka michache tu kabla ya hapo isingekuwepo.

Chini ya ukoloni, hospitali za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, huku Waafrika na Wahindi wakitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la mfadhili wake, mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo. Waingereza walipochukua nchi waliuendeleza mgawanyo huo kwa lugha ya madaraja. Mwafrika alikuwa wa daraja la tatu, na daraja la tatu halikuwa na malipo katika hospitali za serikali. Kwa hiyo huduma bure haikuletwa na Azimio la Arusha kama wengi tunavyodhani. Serikali ya uhuru iliirithi. Ilichofanya ni kuipa maana nyingine: kilichokuwa sadaka ya mtawala kikawa haki ya raia.

Tatizo halikuwa bei. Tatizo lilikuwa umbali. Hospitali zilikuwa mijini, na watu walikuwa vijijini. Mwaka 1964 kundi la wataalamu likiongozwa na Richard Titmuss, profesa wa London School of Economics, lilitoa ripoti juu ya huduma za afya Tanganyika. Ushauri wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: punguzeni haraka ya kujenga hospitali, jengeni vituo vya afya, kingeni magonjwa kabla ya kuyatibu. Titmuss huyu huyu ndiye aliyekuja kuandika kitabu maarufu kuhusu watu wanaojitolea damu, akitetea kwamba kuna vitu ambavyo jamii huharibika ikianza kuviuza. Sijui kama aliwahi kufika Nzega. Ningependa kuamini kwamba alifika.

Serikali haikuufuata ushauri ule mara moja. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, hospitali mbili kubwa zilifungua milango, KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza. Zilijengwa kwa fedha za makanisa na wahisani wa nje, lakini kuziendesha kila mwaka ni jambo lingine. Oscar Gish, aliyekuwa mpangaji wa mambo ya afya wizarani miaka ile, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1975 akionyesha jinsi hospitali chache zilivyomeza fedha ambazo zingeendesha zahanati nyingi mno. Nilikisoma maktaba kwa siku tatu, na kilichonishangaza ni jinsi majedwali yake makavu yalivyojaa hasira. Ukijenga jumba la hospitali umeoa. Posa hulipwa mara moja, lakini chakula ni cha kila siku.

Hata hivyo, kuanzia mwaka 1972 mambo yaligeuka kweli. TANU ilikwisha kuamua kwamba kijiji kitangulie. Lengo likawekwa: zahanati moja kwa watu 10,000, kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Wakafunzwa waganga wasaidizi wa vijijini, vijana ambao hawakuwa madaktari na wala hawakudai kuwa madaktari, ingawa kijijini kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari na wao hawakubisha.

Halafu ikaja Mtu ni Afya.

Kama una bibi au babu aliyekuwa mtu mzima mwaka 1973, mwulize. Ilikuwa kampeni ya redio ya majuma kumi na mawili. Watu walikaa vikundi vikundi chini ya miti, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma sura ya kitabu, kisha wakajadiliana: malaria inatoka wapi, kichocho kinaingiaje mwilini, kwa nini safura inawapata wanaotembea peku. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo redio yenyewe ilikuwa mali ya mtu mmoja katika mtaa mzima. Na baada ya majadiliano walitakiwa kufanya kitu. Wafyeke majani, wafukie madimbwi, wachimbe vyoo.

Bibi alikuwa na miaka kama ishirini na kitu. Anakumbuka kwamba kiongozi wa kikundi chao alikuwa kijana wa darasa la saba aliyesoma kwa kukwamakwama, na wanawake walikuwa wanamsaidia kumalizia maneno kwa sababu walishaisikia redio. Anakumbuka babu akichimba shimo huku akinung'unika kwamba serikali imekwisha kazi hadi inafuatilia haja za watu. Shimo lile limejaa zamani. Limechimbwa lingine, na lingine. Lakini choo kipo upande ule ule wa nyumba, chini ya mwembe ule ule, kwa sababu mwaka 1973 mtu wa afya alipima hatua kutoka kisimani na kusema hapa ndipo.

Napenda kubishana na wenzangu darasani kuhusu ujamaa, na kwa mambo mengi nipo upande wa wanaolaumu. Bibi na babu walihamishwa kwa nguvu mwaka uliofuata, katika Operesheni Vijiji, na nyumba yao ya kwanza ilibomolewa na watu waliokuwa wanawafahamu kwa majina. Sifuti hilo. Lakini huko walikohamishiwa, zahanati ilijengwa kabla miaka mitatu haijapita, na mama yangu alipata chanjo zake zote hapo, na kadi yake ipo sandukuni kuthibitisha. Mkono uliobomoa nyumba ndio uliojenga zahanati. Historia ya nchi hii hainipi nafasi ya kuvitenganisha.

Dunia nayo ilikuwa inatazama. Mwezi Septemba 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata, katika Urusi ya Kisovieti kama watu wetu walivyozoea kuiita, na kutangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, Tanzania haikwenda pale kama mwanafunzi. Yaliyokuwa yanazungumzwa pale tulishayajaribu.

Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka, maana ilishaandikwa sana na wachumi. Vita, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei ya mazao, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa imeshavunjika mwaka 1977. Mwaka huo huo wa 1977 serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia hospitali za watu binafsi zinazotafuta faida, zikabaki za serikali na za dini. Kwa hiyo fedha za serikali zilipokauka, hapakuwa na mlango wa pili. Zahanati zilibaki na mganga, meza, na kabati tupu. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984 Denmark, kupitia UNICEF, iligharamia mpango wa dawa muhimu: kila mwezi, kila zahanati ilipokea boksi lake. Boksi lilikuwa lile lile, uwe ziwani kwenye kichocho au mlimani kwenye vichomi. Dawa fulani zilirundikana, nyingine ziliisha katikati ya mwezi. Mama anasema watu wa kijiji chao walijua tarehe ya boksi kama wanavyojua tarehe ya mshahara wa mwalimu, na waliokuwa na ugonjwa wa kuvumilika waliuvumilia hadi boksi lifike.

Ni miaka hiyo pia ndipo mgonjwa alipoanza kwenda hospitali na mzigo. Daftari la kuandikiwa, sindano, glavu, wakati mwingine mafuta ya taa. Huduma ilikuwa bure kwenye karatasi, lakini watu walishaanza kulipa muda mrefu kabla ya serikali kuandika risiti. Hii ndiyo hoja kubwa ya waliotetea mageuzi ya miaka ya 1990, na si hoja ya kijinga. Kama watu wanalipa kwa siri kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, kwa nini wasilipe kwa uwazi pale dirishani, fedha ibaki hospitalini inunue dawa?

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilichapisha waraka uliobadilisha maisha ya watu wengi wasiojua kwamba upo. Ulipendekeza mambo manne kwa nchi maskini: mgonjwa achangie gharama, bima zianzishwe, sekta binafsi ipewe nafasi, na madaraka yashushwe chini. Tanzania ilishakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena. Na Julai 1993 kukaanza kile kilichoitwa kuchangia gharama, kwa kuanzia hospitali za rufaa na za mikoa, kisha zikafuata za wilaya.

Neno lenyewe lina ufundi. Kuchangia ni neno zuri kwetu. Tunachangia harusi, tunachangia msiba. Lakini katika harusi na msiba, anayechangiwa ni yule aliyefikwa na jambo. Hapa aliyefikwa ndiye aliyetakiwa kuchangia.

Sasa kisa cha mjomba.

Aliugua Jumanne. Tumbo lilianza kuuma, likawa gumu, akatapika. Mganga wa zahanati alimtazama, akasema hili si langu, mpelekeni hospitali. Bibi alijua kwamba siku hizi hospitali ni pesa. Jirani alikuwa amerudishwa kwa kukosa. Babu alikuwa ameshafariki. Pamba ya mwaka ule ilikuwa imechukuliwa na haijalipwa. Ndani palikuwa na mbuzi wanne. Mnada ulikuwa Jumamosi.

Kwa msomaji wa mjini: mnada ni soko la mifugo la kila wiki, na mbuzi anayeuzwa nje ya siku ya mnada huuzwa kwa bei ya shida. Jirani alitoa bei ya shida. Bibi aliikataa, kwa sababu aliipigia hesabu akaona haitatosha kitanda, dawa, na nauli ya kurudi. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Alimpa mtoto maji ya uji na akasubiri. Jumamosi asubuhi aliuza mbuzi wawili kwa bei nzuri, na jioni mjomba alifikishwa hospitali kwenye baiskeli, amefungwa kwa kanga kifuani mwa mwendeshaji asianguke. Risiti iliandikwa. Alifariki usiku wa kuamkia Jumatatu.

Bibi hailaumu hospitali hata kidogo. Hailaumu serikali. Benki ya Dunia hajui kama ipo. Anasema, "Ningemwuza yule mbuzi Jumanne." Amelisema hivyo kwa miaka inayokaribia thelathini.

Nilirudi chuoni nikiwa na mada. Nilifikiri itakuwa rahisi: nitatafuta rejista, nitahesabu waliofika hospitali kabla ya 1993 na baada ya 1993. Nilichogundua kila anayesoma historia ya afya lazima akigundue mapema au kwa kuchelewa, nacho ni kwamba rejista huandika waliofika. Siku nne za mjomba wangu, Jumanne hadi Ijumaa, hazimo katika nyaraka yoyote. Hospitalini anaonekana kuwa mgonjwa aliyelazwa Jumamosi, akalipa, akafariki. Kwa takwimu za mfumo, yeye ni mfano wa mtu aliyemudu.

Na kuna jambo jingine nililolikuta nikisoma kuhusu mageuzi yale. Msamaha ulikuwepo. Tangu mwanzo, utaratibu wa kuchangia uliwaondolea malipo wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wenye baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu na ukoma. Na asiye na uwezo kabisa aliweza kusamehewa akithibitishwa kuwa hana. Mjomba alikuwa amepita miaka mitano. Lakini bibi, mjane mwenye mbuzi wanne na pamba isiyolipwa, je, alikuwa asiye na uwezo? Nani angemthibitisha, na kwa barua ya nani? Utaratibu haukueleza vizuri, na hospitali iliyotegemea fedha za dirishani haikuwa na sababu ya kuutangaza. Watafiti wengi waliokuja baadaye waliliona hilo: msamaha uliandikwa, lakini aliyeuhitaji hakuambiwa.

Sijamwambia bibi. Nimejaribu mara mbili. Sioni namna ya kulisema ambayo haitageuka kuwa siku nyingine moja ya kujilaumu.

Mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya risiti ile, wilaya jirani ya Igunga ilianza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa Sh 5,000 kwa mwaka, wakati wa mavuno, ikatibiwa mwaka mzima bila kulipa dirishani. Kila shilingi iliyochangwa iliongezewa nyingine, mpango uliopewa jina la tele kwa tele. Ukiutazama vizuri, ni jibu kwa tatizo la bibi kabisa: pesa ipo, ila haipo Jumanne. Nimepima kwenye ramani umbali kutoka kijijini kwao hadi mpaka wa Igunga. Sitauandika hapa.

Mfuko ule ulipewa sheria yake mwaka 2001, na mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa serikali: asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi, 3 kutoka kwa mwajiri. Hapo ndipo tulipopata nchi mbili. Mwenye mshahara alikatwa bila kuulizwa na akatibiwa hadi hospitali ya taifa. Mkulima aliombwa kwa hiari, na kadi yake kwa miaka mingi iliishia wilayani kwake. Hiari ilikuwa na kasoro ambayo hata mchuuzi wa sokoni angeitabiri: anayekimbilia kukata kadi ni aliyeshaanza kukohoa. Wenye afya walisubiri. Na waliokata, wakakuta dawa hakuna, hawakurudi mwaka wa pili.

Majirani walijaribu njia nyingine. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali Machi 2001, uchaguzi ukiwa mlangoni, na wagonjwa wakafurika hadi dawa zikawa hazitoshi. Kufurika kwenyewe ni ushahidi wa wangapi walikuwa wamekaa nyumbani. Kenya iliweka malipo Desemba 1989, ikayasitisha 1990, ikayarudisha, kisha mwaka 2004 ikashusha hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Ukisoma historia hizi tatu pamoja unaona viongozi wakigeuzageuza dirisha lile lile: nani asimame mbele yake, ashike kiasi gani.

Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Niliisikiliza mijadala yake kwenye simu, ndani ya daladala, na nikajikuta nikisubiri sehemu moja tu: asiye na uwezo atatambuliwa vipi, na nani. Naunga mkono sheria ile. Ni mara ya kwanza tangu 1993 tunakiri kwamba ugonjwa haupaswi kuwa biashara kati ya mtu mmoja na dirisha. Lakini orodha ya wasio na uwezo ndiyo roho yake. Nchi hii ilishawahi kuwa na msamaha mzuri uliokaa ndani ya faili.

Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, Desemba 2022, nilikuwa Nzega wakati mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa alipopita kijijini na simu yake. Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita. Nililipa mimi kwa pesa ya kujikimu, na sikumwambia bibi kwamba ni pesa ya chakula changu. Kijana aliwapanga bibi na wajukuu wanaoishi naye ukutani, akawapiga picha mmoja mmoja. Bibi aliomba asubiriwe. Akaingia ndani, tukasikia sanduku la bati likifunguliwa, akatoka amevaa kile kitenge.

Baadaye aliniuliza swali moja. Kama mtoto akiugua Jumanne, kadi hii inafanya kazi Jumanne?

Nikamwambia inafanya kazi siku zote. Akaigeuza namba ya usajili mara mbili, akaikunja, akaenda kuiweka.